Mwalimu aliyekataliwa na wachapishaji, akapendwa na watoto

JUMA lililopita mpwa wangu, mvulana wa miaka 12, alinijia na daftari lake la insha akiwa amenuna kama mtu aliyenyimwa chai. Mwalimu alikuwa amewapa kichwa kinachojulikana na kila mwanafunzi nchini: siku nitakayoikumbuka. Wenzake walianza kama ilivyo ada. Jua lilichomoza, ndege wakatumbuiza, nao wakarauka wakiwa buheri wa afya. Yeye alianza na bawabu wa ploti yao, mzee ambaye usiku mmoja wa mvua aliacha lindo lake akasaidia kumbeba mama mjamzito hadi barabarani, mahali teksi ingeweza kufika.

Hakutia methali hata moja. Daftari likarudishwa likiwa jekundu kama nyanya, na chini kabisa mwalimu ameandika kwamba hajui kupamba lugha.

Niliisoma insha hiyo. Ilikuwa na makosa ya tahajia, sikatai. Lakini nilipofika pale mzee anaporudi langoni, maji yakimchuruzika, na kumkuta mwenye ploti akimsubiri kwa hasira, nilisahau kikombe changu mezani.

"Kwani mjomba, mimi siwezi kuwa mwandishi?" aliniuliza.

Msomaji mpendwa, swali hilo lilinikosesha usingizi. Ndilo lililonifanya Jumapili ya leo niwasimulie habari za mtu ambaye pengine hamjapata kumsikia. Naye ni Bw David Almond, Mwingereza aliyewaandikia watoto vitabu vilivyosomwa duniani kote, na ambaye kwa miaka mingi amekuwa pia mwalimu wa uandishi. Nawaomba wazazi na wanafunzi wayasikize maisha yake, kwa kuwa ndani yake mna jibu la mvulana huyu, na labda la mwanao pia.

MTOTO WA FELLING

Bw Almond alizaliwa mwaka 1951 katika jiji la Newcastle upon Tyne, kaskazini mashariki mwa Uingereza, akalelewa katika mji mdogo wa Felling ulio jirani. Huko hakukuwa na fahari ya London. Ilikuwa nchi ya machimbo ya makaa ya mawe, viwanda na watu wa kazi. Baba yake alifanya kazi ya ofisi katika kiwanda, na familia ilikuwa ya Kikatoliki, yenye watoto wengi.

Mmoja wa ukoo wao, mzee Amos, alikuwa na kiwanda kidogo cha kupiga chapa. Mama yake alimsimulia kwamba alipokuwa mtoto wa kubebwa alipelekwa huko, na alipoona kurasa zikitoka mashinini alizinyooshea kidole na kucheka. Alipokua kidogo akaipenda maktaba ya mji wao, akawa na ndoto moja tu: siku moja kitabu chenye jina lake kipangwe kwenye rafu hizo.

Lakini utoto wake haukuwa asali tupu. Alipokuwa na umri wa miaka saba dada yake mchanga, Barbara, alifariki. Alipofika miaka 15, baba yake naye akafa kwa saratani. Mama akabaki na watoto huku akisumbuliwa na ugonjwa wa viungo. Nayataja haya si kwa kutafuta machozi, bali kwa sababu utayakuta tena mbele, ndani ya vitabu.

Alisoma fasihi ya Kiingereza na ya Marekani katika Chuo Kikuu cha East Anglia. Baadaye akafanya kazi za kila aina: utarishi wa posta, uchukuzi wa mizigo hotelini, uuzaji wa brashi, kibarua. Mwishowe akasomea ualimu na kuingia darasani kufundisha shule ya msingi.

BARUA ZA KUKATALIWA

Wengi wetu hudhani kwamba mwandishi huzaliwa akiwa na kipaji, akaandika, akachapishwa, akatajirika. Yasikize ya Bw Almond.

Baada ya kufundisha kwa miaka kama mitano aliacha kazi, akauza nyumba yake na kuhamia mashambani, katika jimbo la Norfolk, kuishi na watu waliokuwa wakishirikiana makazi. Huko aliandika kwa zaidi ya mwaka mmoja. Pesa zilipokwisha alirudi kwao na kushika tena ualimu, safari hii wa nusu siku, akifundisha watoto wenye mahitaji maalum. Wakati uliosalia aliuweka kwenye kalamu.

Mwaka 1985 mkusanyiko wake wa kwanza wa hadithi fupi, Sleepless Nights, ulichapishwa na shirika dogo la huko kwao kaskazini. Hadithi zilikuwa za watu wazima. Waliozisoma walikuwa wachache, na hazikumtoa kwenye ualimu.

Akaandika riwaya. Ilimchukua miaka mitano. Aliituma kwa mchapishaji huyu, ikarudi. Akaituma kwa yule, ikarudi. Ikazunguka hivyo kwa wachapishaji chungu nzima, na hakuna hata mmoja aliyeitaka. Hebu fikiri, ndugu msomaji: miaka mitano ya jasho, kisha kila unapoona bahasha mlangoni unajua ndani mna neno gani.

Kinaya ni kwamba wakati huohuo, tangu mwaka 1987 hadi 1993, yeye mwenyewe alikuwa mhariri wa jarida la hadithi fupi lililoitwa Panurge. Alisoma miswada ya wengine, akawafungulia mlango waandishi wachanga ili majina yao yaonekane. Mganga hajigangi, walisema wahenga. Huyu aliwapandisha wenzake ngazi ilhali yeye mwenyewe yu chini, ameishikilia.

Hapo ndipo wengi wangetupa kalamu. Yeye aliendelea. Na naamini ni hapo, katikati ya kufundisha, kuhariri na kukataliwa, alipoiva. Kila siku alikuwa akisikiliza watoto wanavyosema, na kila usiku akisoma sentensi za watu wengine akitafuta zilipoanguka. Shule gani ya uandishi ingeshinda hiyo?

BAHASHA NA SANDUKU LA POSTA

Katikati ya miaka ya 1990 aligeuka nyuma akaanza kuandika hadithi fupi kuhusu utoto wake: Felling, ndugu zake, Barbara, baba yake. Hadithi hizo zilikuja kutoka kitabuni mwaka 2000 kwa jina la Counting Stars. Ameeleza mara nyingi kwamba alipozimaliza alizitia kwenye bahasha akaenda kuziposta, na alipokuwa akitembea barabarani kurudi nyumbani, hadithi mpya ikamjia kichwani na sentensi yake ya kwanza tayari. Hakuwa ameitafuta. Hakujua hata kwamba ni ya watoto mpaka alipokuwa ameshaianza.

Hadithi hiyo ndiyo Skellig, iliyochapishwa mwaka 1998. Kijana Michael amehamia na wazazi wake katika nyumba mbovu. Dada yake mchanga ni mgonjwa mahututi, na wazazi hawana muda naye. Ndani ya gereji inayokaribia kuporomoka anakuta kiumbe kilichokonda, kilichojaa vumbi na wadudu, kinachoomba asprini na chakula cha Kichina cha kununua. Je, ni mzee maskini? Ni ndege? Ni malaika? Kitabu hakisemi. Michael na Mina, msichana wa jirani, wanamlisha na kumtunza, na huku nyuma mtoto anapigania roho yake hospitalini.

Sasa umeelewa kwa nini nilimtaja Barbara. Mvulana wa miaka saba aliyempoteza dada yake alingoja karibu miaka 40 ndipo akaweza kuisimulia hofu ile kwa namna ambayo mtoto mwingine angeweza kuibeba.

Nakala za kwanza za kitabu hicho ziliisha madukani kwa siku chache. Kilimletea nishani ya Carnegie, ambayo wakutubi wa Uingereza humpa mwandishi wa kitabu bora cha watoto, na pia tuzo ya Whitbread upande wa vitabu vya watoto. Mwandishi alikuwa na umri wa miaka 47. Skellig ikawa mchezo wa jukwaani, ikawa opera mwaka 2008, kisha filamu mwaka 2009.

Mwaka 1999 akatoa Kit's Wilderness, hadithi ya vijana wa mji wa machimbo wanaocheza mchezo wa kutisha wa kujifanya wafu. Hii nayo aliichota nyumbani. Mwaka 1812 mgodi wa Felling ulilipuka na kuua wanaume na wavulana 92, na mnara wenye majina yao umesimama katika uwanja wa kanisa huko kwao. Watoto wangapi walipita karibu na mnara ule wakienda dukani? Yeye aliyasoma majina, na yakabaki naye. Wakutubi wa Marekani walikipa kitabu hicho tuzo ya Michael L. Printz mwaka 2001.

Halafu mwaka 2010 akapewa tuzo ya Hans Christian Andersen, ambayo hutolewa kila baada ya miaka miwili na ambayo kwa waandishi wa watoto hakuna iliyo kubwa zaidi ulimwenguni. Tuzo hiyo haitazami kitabu kimoja bali kazi yote ya mwandishi. Mtoto aliyecheka kwenye kiwanda cha chapa alikuwa amefika.

DAFTARI CHAFU

Pamoja na sifa zote hizo, hakuacha kufundisha. Amekuwa mmoja wa walimu katika kozi za Arvon, shirika la Uingereza lililoanzishwa mwaka 1968. Kozi za Arvon ni za kukaa pamoja siku tano katika nyumba ya mashambani. Waandishi wawili hufundisha kikundi kidogo, wanafunzi hupika kwa zamu, na mwanafunzi wa chuo hukaa meza moja na mstaafu au mama wa nyumbani. Baadaye aliteuliwa kuwa Profesa wa Uandishi wa Kubuni katika Chuo Kikuu cha Bath Spa, ambacho kina shahada ya uzamili ya uandishi wa vitabu vya watoto na vijana.

Lakini mimi kinachonivutia zaidi ni anachofanya anapotembelea shule za kawaida. Hubeba madaftari yake. Huwafungulia watoto waone mistari iliyokatwa, michoro, mishale, maneno yaliyorukaruka ukurasa mzima, sentensi zilizoanza zikafia njiani. Anataka waelewe kwamba kitabu kilichopigwa chapa, chenye mistari iliyonyooka, kinadanganya. Kinamfanya mtoto aamini kuwa mwandishi ni mtu mkamilifu na sentensi humtoka zikiwa zimepigwa pasi. Kumbe kila kitabu kizuri kilikuwa fujo kwanza.

Fikiri mtoto anayeandika akifuta, akiona aibu, akidhani yeye pekee ndiye mjinga darasani. Kisha anaona daftari la mtu aliyepata tuzo kubwa kuliko zote, nalo ni chafu kuliko lake! Nadhani mtoto huyo atarudi nyumbani akiwa na ujasiri ambao mihadhara kumi isingempa.

ASILIMIA KUMI

Alipokuwa akipokea nishani ya Carnegie, Bw Almond alitoa pendekezo lililowashtua wakubwa wa elimu. Alisema shule zitenge asilimia kumi ya wakati wao, na katika muda huo pasiwe na ratiba, wala mtihani, wala kazi ya kupelekwa nyumbani, ili walimu na watoto waachwe wafikiri na kubuni. Asilimia kumi tu! Tisini ibaki ya mitihani.

Wazo hilo aliligeuza hadithi mwaka 2010 katika kitabu cha My Name Is Mina. Ni shajara ya yule msichana wa Skellig kabla hajakutana na Michael. Mina ni hodari wa maneno lakini shule inamshinda. Mwalimu anamsisitizia apange hadithi yote kabla ya kuiandika, naye anaona hadithi ni kama safari, hujui utakutana na nani kwenye kona. Siku ya mtihani wa taifa anaandika maneno ya kujibunia yasiyo na maana, na kizaazaa kinachofuata kinamtoa shuleni, akafundishwe nyumbani na mamake. Humo kitabuni mwandishi ametia pia mazoezi ya ajabu ya kuandika ambayo msomaji anaweza kuyajaribu. Mwalimu na mwandishi wamekaa kiti kimoja.

Simwambii mtoto yeyote aandike upuuzi katika mtihani. La hasha! Wala sisemi methali ni mbaya. Methali ni urithi wetu, na mimi mwenyewe nimezitumia hapa. Lakini tuseme ukweli. Katika mtihani wa KCPE, uliofanywa tangu mwaka 1985 hadi ukakoma mwaka 2023, insha ilipewa dakika 40 na alama 40. Kwa ajili ya alama hizo kizazi kizima kilikaririshwa mianzo na miisho, na watoto wa Turkana na wa Kibera wakaamka katika asubuhi ileile yenye ndege walewale. Mtihani umekwenda zake, lakini mazoea yamebaki. Daftari la mpwa wangu ni ushahidi.

Lugha hupambwa na nini? Wanja haumfai mtu asiye na jicho. Bawabu aliyelowa mvua ndiye jicho la ile insha; pambo lingekuja baadaye, kwa mwalimu mwenye subira.

JE, KALAMU INALISHA?

Najua baadhi ya wazazi wanatikisa kichwa. Karo imepanda, unga umepanda, halafu tunaambiwa habari za hadithi! Hofu hiyo ni ya haki, na maisha ya Bw Almond hayaifichi. Kwa zaidi ya miaka kumi na mitano kalamu haikumlisha. Kilichomlisha ni chaki. Alipouza nyumba, fedha ziliisha, akarudi darasani bila kuona haya.

Kwa hivyo kwa kijana anayetaka kuwa mwandishi, somo la kwanza ni hili: tafuta kazi itakayokulisha na isiyoua masikio yako. Ualimu ni mmojawapo, hata hii yetu ya magazeti. La pili, soma kazi za wengine kwa moyo mweupe hata wakati yako imekataliwa. La tatu, usikimbilie majumba ya ng'ambo usiyoyajua. Mnara uko karibu na kwenu, yasome majina. Na la nne, usione haya kwa daftari chafu.

Kwa mzazi, mambo ni mepesi zaidi na hayahitaji fedha nyingi. Mnunulie mtoto daftari moja ambalo si la shule, na umuahidi kwamba halitasahihishwa na mtu. Kisha ishike ahadi hiyo. Mpeleke maktaba. Hapa Nairobi, maktaba ya McMillan ina matawi Kaloleni na Makadara, si katikati ya jiji pekee. Na mtoto anapokusomea alichoandika, usianze na herufi aliyoikosea. Muulize kwanza: halafu ikawaje?

Na kwa mwalimu, ambaye mzigo wake naujua na darasa lake limefurika, naomba lile fungu la kumi tu. Hata Ijumaa moja kwa mwezi, nusu saa, waandike chochote bila alama.

Nikarudi kwa mpwa wangu. Sikumwambia kwamba atakuwa mwandishi, maana sijui. Nilimsimulia habari za mwalimu mmoja aliyengoja mpaka miaka 47, nikamwambia insha yake ina mtu ndani, na insha nyingi hazina. Kisha tukakaa pamoja tukarekebisha tahajia, neno kwa neno, kwa sababu hata malaika wa gerejini anastahili kuandikwa vyema.

Tulipomaliza alikaa kimya, akatafuna kalamu.

"Mjomba, yule mzee alifutwa kazi siku hiyohiyo," akasema. "Hiyo sikuiandika."

"Mbona hukuiandika?"

"Karatasi iliisha."

Nikampa karatasi nyingine. Tukutane Jumapili ijayo, inshallah.